Siku Moja Nyuma ya Gorila

Mimi ni mtoto wa Goma, mashariki mwa Kongo, na kwa miaka mingi nilidhani naijua Masisi kwa kuwa nimekula vya Masisi. Maziwa, jibini, maharage, viazi na magunia ya makaa viliteremka kila alfajiri kutoka milimani, vingine kwenye malori, vingine kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili ambacho vijana wetu hukiendesha wakiwa wamepiga goti moja. Njia yenyewe sikuwahi kuipanda. Juni 2019 niliipanda, nikaifuata kutoka ukingo wa Ziwa Kivu hadi ndani ya msitu wa Walikale, siku kumi na moja kwa jumla. Nilikwenda kutafuta wanyama.

Ilikuwa miezi ya Ebola. Mlipuko ulikuwa umetangazwa Agosti mwaka uliotangulia, upande wa Mangina na Beni, na kila kizuizi cha barabarani kilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kukupima joto kwenye paji la uso. Nilinawa mikono mara nyingi katika safari hiyo kuliko nilivyowahi kunawa maishani.

Masisi ina pwani. Wilaya ambayo kila mtu huitaja kwa milima yake imetia mguu majini: Sake, Kirotshe, Shasha na Bweremana zote ni za Masisi, na zote zinatazama Ziwa Kivu. Ukitoka Sake kuelekea kusini, ziwa linakuwa kushoto, migomba na mihogo inapanda mlima upande wa kulia, na barabara inajipenyeza katikati kama mtu anayepita sokoni saa ya msongamano. Kila baada ya kona chache kuna ghuba ndogo, mitumbwi imegeuzwa kifudifudi juu ya mchanga mweusi, na mdiria weusi kwa weupe wametua juu ya vijiti wakitazama maji. Mmoja wao nilimtazama kwa muda mrefu. Huelea angani mahali pamoja, mabawa yakipiga kwa kasi, kisha hujiangusha kama jiwe. Mara tatu alitoka mtupu. Mara ya nne alitoka na sambaza, samaki mdogo wa ziwa hili.

Usiku wa pili, Bweremana, wavuvi walinikubalia nipande nao. Chombo cha kuvulia sambaza ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, na miti hiyo huchomoza mbele na nyuma kama masharubu ya panzi. Wavu hushushwa katikati, taa huwashwa, kisha watu husubiri. “Kaka, keti hapo hapo, usiguse kamba,” mkubwa wao aliniambia, na baada ya hapo hakuna aliyenisemesha kwa saa nzima. Walipokuwa wakipiga makasia kwenda kilindini walikuwa wameimba, mmoja akianza na wengine wakipokea, kasia likishuka kwa kila kipokeo. Sasa walikaa kimya. Chini yetu kulikuwa na maji ambayo kina chake hufika karibu mita 480, na juu ya maji hayo kulikuwa na taa nyingi za vyombo vingine, kila chombo mbali na mwenzake, hata usingeweza kujua mahali ziwa linapokwisha na mbingu zinapoanzia.

Sambaza si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na Wabelgiji walikusudia kuleta aina mbili. Moja ilikufa, moja ikashamiri, na hiyo ndiyo inayolisha Goma, Bukavu na Idjwi hadi leo. Kabla ya hapo Kivu lilikuwa ziwa lenye uhaba. Hata sasa lina aina za samaki zipatazo thelathini tu, ilhali jirani yake Tanganyika lina mamia. Halina mamba. Halina viboko. Mtoto wa Goma hujifunza kuogelea bila kuambiwa achunge mnyama yeyote, na nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba watoto wa maziwa mengine hawana neema hiyo.

Hatari ya Kivu iko kwingine, na haina meno. Katika vilindi vya ziwa hili zimeyeyuka takriban kilometa za ujazo 60 za gesi ya methani, na za hewa ya ukaa takriban 300, zimebanwa chini na uzito wa maji yenyewe. Karibu na Sake ziwa limejikunja na kufanya Ghuba ya Kabuno. Lava ya volkano ya Nyamulagira, katika mlipuko wa 1938 hadi 1940, iliteremka mpaka majini na kuziba sehemu ya mlango wake, kwa hiyo ghuba hiyo imebaki karibu kuwa ziwa lingine, lenye hewa ya ukaa nyingi hata karibu na uso wa maji. Nchi kavu nayo ina yake. Asubuhi moja, kando ya Sake, nilitaka kukatisha kwenye bonde dogo lenye mawe meusi ili nipate picha ya ghuba. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage aliinua jembe lake juu.

“Mwanangu, hapo usipite. Iko mazuku.”

Mazuku ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye nyufa za ardhi na kutulia mashimoni, kwa sababu ni nzito kuliko hewa tunayoivuta. Huwa mbaya zaidi alfajiri, kabla upepo haujaipeperusha. Haionekani na hainuki. Mbuzi aliyeinamisha shingo kula majani huanguka, na mtu anayekwenda kumwokoa mbuzi huanguka juu yake. Mama yule alinionyesha alama: majani yaliyokauka kwa mstari ulionyooka kana kwamba mtu alipima kwa kamba, na chini ya mstari huo wadudu waliokufa, na ndege mmoja mdogo wa manjano. Wanasayansi wa volkano duniani kote wanalitumia neno hilohilo, mazuku, katika maandishi yao. Walilichukua kwa watu kama mama huyu, na ninajivunia hilo kuliko ninavyojivunia mambo mengi tunayosifiwa nayo. Nilimwambia aksanti. Alikuwa amekwisha kuinamia maharage yake.

Kutoka Sake barabara inaukwea ukuta wa milima. Pikipiki yetu ilipanda ikilalamika, na tulipofika Mushaki dereva alisimama bila kuombwa, kwa maana kila abiria huomba. Nyuma yetu ziwa lote lilikuwa limelala, na kushoto kwake, tukitazama tulikotoka, Nyamulagira imejitandaza kama ngao na Nyiragongo imesimama wima ikitoa moshi. Nyiragongo ndiyo iliyoteremsha moto juu ya Goma mwaka 1977, kisha 2002, na miaka miwili baada ya safari yangu, Mei 2021, ikateremsha tena. Lakini milima hiyo ilifanya jambo kubwa zaidi kuliko kuchoma mji. Zamani za kale, kabla haijainuka, maji ya bonde hili yalitiririka kwenda kaskazini, kwenye Ziwa Edward na Mto Nile. Volkano zikafunga njia. Maji yakajaa nyuma yake mpaka yakapata upenyo kusini, Mto Ruzizi, na tangu hapo huelekea Tanganyika, Lualaba na Bahari ya Atlantiki. Nikiwa Mushaki nilijaribu kuliona bonde lile bila volkano, na sikuweza. Macho yangu yamekua nazo.

Watu hupenda kuiita Masisi Uswisi ya Afrika. Sipendi jina hilo. Ni kweli kuna ng'ombe weusi kwa weupe kwenye majani mafupi ya kijani, kuna uzio wa miti, kuna ukungu wa asubuhi na jibini la duara linaloiva kwenye rafu za mbao. Lakini uzuri huo una historia yake hapahapa. Vilima hivi vilikuwa msitu wa milimani, wenye mianzi na mbega. Utawala wa Kibelgiji ulileta familia nyingi kutoka Rwanda kati ya 1937 na 1955, mashamba makubwa ya walowezi na ya mifugo yakafunguliwa, na msitu ukakatwa kilima baada ya kilima. Wahunde, Wahutu na Watutsi wanaoishi hapa leo wamerithi majani hayo pamoja na ugomvi wa nani mwenye kilima. Ukiusifia ukijani wa Masisi bila kujua kilichokuwapo kabla yake, umesoma nusu ya ukurasa.

Hata hivyo nilikunywa mashanza katika kibanda kando ya barabara, maziwa yaliyoganda vizuri, baridi kama maji ya kisima, na sikuwa na nguvu ya kubishana na kilima chochote. Bondeni, palipobaki kinamasi kati ya mashamba mawili, korongo taji wawili walikuwa wakitembea kwa hatua za taratibu, wakikanyaga ili wadudu waruke. Dereva wangu hakuwa amewahi kusimama kuwatazama ingawa hupita hapo kila juma. Siku hiyo aliwatazama mpaka mimi nikamwambia twende. Rubaya tuliiacha kusini, na koltani yake inayotafutwa na dunia nzima. Maziwa manne ya Mokoto, na ile monasteri ya Watrapisti iliyojengwa hapo tangu 1954, tuliyaacha kaskazini, na hilo bado linaniuma.

Baada ya Masisi-Centre njia inaanza kushuka upande wa magharibi.  Ukifika Nyabiondo baridi imekwisha, ng'ombe wamepungua, michikichi imeanza. Ukifika Kashebere, mpakani mwa Walikale, umeingia ulimwengu mwingine. Miti inaungana juu ya barabara. Mito yote sasa inakwenda mahali pamoja, kwenye Lowa, na Lowa inakwenda Lualaba. Barabara inakuwa kijito kwa mwendo wa saa nzima, kisha inakuwa matope, kisha inakuwa gogo moja juu ya mto, na huko tulishuka, dereva akaipitisha pikipiki akiwa ameikumbatia kama mgonjwa. Tulikutana na wanaume wanaosukuma baiskeli zenye mitungi ya mawese, na wanawake wenye vikapu vilivyofungwa kwa utepe kwenye paji la uso. Kila mmoja alisalimia. Msituni watu hawapitani kimya.

Walikale peke yake ina zaidi ya kilometa za mraba 23,000, zaidi ya theluthi moja ya mkoa mzima wa Kivu Kaskazini. Sehemu ya nyanda za chini ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega inaingia kusini mwake, upande wa Itebero, na upande wa kaskazini-magharibi msitu unaendelea hadi Hifadhi ya Maiko, nyumbani kwa okapi na yule tausi wa Kongo ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1936 tu. Lakini nilipoitaja Walikale mjini Goma, hakuna aliyeniuliza kuhusu tausi. Waliniuliza kuhusu Bisie, kilima cha madini ya bati kilichogunduliwa mwaka 2002, ambako watu kwa maelfu walibeba magunia siku mbili msituni hadi barabarani, yakaelekea Kilambo, mahali ndege zilipokuwa zikitua juu ya barabara ya lami kwa kukosa uwanja. Na kila mgodi unakula. Watu elfu kumi walioko msituni bila shamba hula nyama ya msitu, na nyama hiyo ina majina: nyani, funo, kakakuona, sokwe mtu, gorila.

Niliiona sokoni. Sitaeleza yote. Kulikuwa na kima waliokaushwa kwa moshi, mikono imekunjwa kifuani, na kando yao tundu la mianzi lenye kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, wamebanana hata hawawezi kugeuka. Biashara ya kimataifa ya kasuku hao ilipigwa marufuku katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, pamoja na ile ya kakakuona. Tangazo la Johannesburg halikuwa limefika kwenye tundu lile. Nilisimama mbele yake nikakosa neno, na muuzaji, kijana wa miaka kama kumi na sita, akadhani nataka bei.

Siku iliyofuata nilipelekwa msituni na wanaume watatu wa kijiji kimoja nje ya barabara. Kazi yao ni kufuatilia gorila. Si gorila waliozoeshwa watu, kama wale waliokuwa wakitazamwa na watalii kwenye vituo vya hifadhi vya Tshivanga na Rumangabo. Hawa wa Walikale hawajazoeshwa, na kwa makusudi kabisa hawatazoeshwa, kwa sababu gorila asiyemwogopa mtu humkaribisha pia mwenye bunduki. Kwa hiyo wafuatiliaji hawawakaribii. Hutembea pale gorila walipopita jana. Huhesabu viota, hupima kinyesi, huandika walichokula, kisha hulala, na kesho hufuata tena, siku ileile moja nyuma. Shirika la Dian Fossey Gorilla Fund hufanya kazi ya namna hii na koo zenye ardhi huko Nkuba. Fossey mwenyewe alianzia nchini mwetu, Kabara, Januari 1967, kabla ya kuhamia Rwanda miezi michache baadaye.

“Papa, ukitaka kuwaona, utarudi na hasira,” mkubwa wao aliniambia tulipokuwa tukivuka kijito cha kwanza. “Ukitaka kuwajua, twende.”

Tulitembea saa sita. Hondohondo walipita juu yetu na mlio wa mabawa yao ulisikika kama mtu anayekung'uta mkeka. Mmoja wa wale watatu aliinama kila mara, akainua jani, shina lililotafunwa, ganda la tunda. Aliyasoma kama mimi ninavyosoma gazeti. Hapa mama na mtoto. Hapa dume amekaa, tazama majani yalivyolala. Hapa wamekula, wamekwenda kunywa. Na saa tisa alasiri tukafika kwenye viota.

Vilikuwa tisa. Gorila hujenga kiota kipya kila jioni, hakirudii. Hukunja matawi na majani chini yake, duara kama ungo mkubwa, na hulala humo usiku mmoja. Kiota cha dume kilikuwa kikubwa kiasi cha mimi kulala ndani yake na kubaki na nafasi. Dume wa jamii hii huweza kupita kilo 200, ndiye gorila mkubwa kuliko wote, na hapatikani popote duniani ila mashariki mwa Kongo. Kando yake kulikuwa na kiota kidogo kabisa, kimekunjwa vibaya, matawi mawili tu. “Mtoto anajifunza,” alisema mfuatiliaji, akaandika. Alivaa barakoa alipokigusa kinyesi, na akaniambia nirudi nyuma hatua tano. Homa yetu ya kawaida inaweza kumaliza familia nzima ya gorila, na Ebola haichagui kati yao na sisi. Ile ndoo ya klorini niliyoichoka barabarani ikapata maana nyingine.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria gorila hawa kuwa 3,800 tu, kutoka takriban 16,900 katikati ya miaka ya 1990, kabla ya vita. Mwaka 2021 hesabu mpya, iliyofika sehemu za msitu ambazo zamani hazikufikika, ilitoa makadirio ya 6,800. Hawakuzaliana upesi kiasi hicho. Walikuwapo, na waliowapata ni watu wa aina hii, wenye daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki, wakihesabu vitanda vitupu.

Usiku ule tulilala kijijini. Wanyanga, wenyeji wa hapa, ni watu wa utambaji, na utenzi wao wa Mwindo umezunguka dunia: mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke aliusimulia, akauimba na kuuigiza kwa siku kumi na mbili mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck, ambaye aliuchapisha mwaka 1969 pamoja na Mnyanga msomi, Kahombo Mateene. Niliusoma chuoni kama kisa cha shujaa aliyezaliwa akitembea, aliyetiwa na baba yake ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Mzee aliyekuwa akiota moto nasi hakuishughulikia sana sehemu hiyo. Alianzia pale Mwindo alipomuua Kirimu, lile dude la msituni. Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, ambaye ni radi. Nkuba akateremka, akamchukua Mwindo juu mbinguni, akamweka huko mwaka mzima. Mvua ikampiga, jua likamchoma, baridi ikamwingia mifupani, hakuna aliyemsaidia. Aliporudishwa alipewa katazo: asiue tena mnyama wa msitu wala wa kijiji, hata mdudu.

“Na aliyefuata katazo ni nani?” nikauliza. “Hapa watu wanawinda.”

“Wanawinda,” mzee alisema. “Babu yangu aliwinda. Lakini kulikuwa na mlima wa kuwindia na mlima wa kuacha, na kila ukoo ulijua wake. Leo mgeni anakuja na bunduki, hana ukoo, milima yote kwake ni mmoja.” Akachochea moto. Mwaka 2014 serikali ilitoa amri inayoziruhusu jamii kusimamia misitu yao kisheria, hadi hekta 50,000 kwa kila jamii, bila kikomo cha muda, na koo kadhaa za Walikale zimeifuata njia hiyo. Mzee aliijua. Kwake ilikuwa ni ule mlima wa kuacha, safari hii ukiwa na mhuri.

Barabara niliyopita sasa ina historia nyingine juu yake. Masisi-Centre ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Sake na Goma zikafuata mwezi huohuo, na Machi wapiganaji walifika hadi Walikale-Centre kabla ya kuondoka Aprili. Watu wengi wa pwani ya Bweremana walikimbia makwao. Niliwaza sana juu ya watu watatu na daftari moja.

Mwezi Mei mwaka huo simu yangu iliita usiku, namba nisiyoijua, na mtandao mbovu. Alikuwa yule mfuatiliaji mkubwa. Walikuwa wamekimbilia msituni na familia zao, majuma matano, mbali na barabara, wakila mizizi na samaki wa vijito. Nikamuuliza kuhusu watoto, wote wazima. Nikamuuliza kuhusu wenzake, wazima. Kisha akasema kwamba katika juma la tatu, alfajiri, walisikia dume akipiga kifua upande wa pili wa kijito, karibu kuliko alivyowahi kumsikia katika miaka yote ya kazi.

“Mkafanya nini?”

“Tukawaambia watoto wanyamaze,” alisema, “tukahama.”